Kutoa Upepo

Usukani mpya umepanda inchi mbili
kwa ajili ya mtulinga wangu uliounga vibaya
baada ya Makupa, ule mkokoteni wa maji,
madebe kumi na manane na mimi chini yake
nikihesabu matairi ya watu waliosimama.

Wa zamani ulipinda kama pembe ya beberu.
Badi kautundika ukutani, hapa Magongo,
pamoja na minyororo iliyokatika.
"Mkono sasa wafika," asema, "mpira haufiki."
Mpira wa breki, mfupi kwa inchi zile zile mbili.
Akaufungua, akatia mrefu,
na papo hapo upepo ukaingia.

Nafinya wenzo: unazama
kama kidole kwenye mkate wa sinia.

Shangazi yangu wa Kisauni ana rai yake:
pikipiki iliyomwaga damu haipandwi
mpaka ipungwe. Ana mtu, ana ubani,
kilichobaki ni kuku mwekundu.
Badi hakucheka. Alisema tu,
"Mwambie kuna pepo na kuna upepo.
Wa kwake simjui. Huu wangu
hutoka kwa spana ya nane."

Mwanasha, mpwawe, kachuchumaa gurudumuni.
Kipira cheupe kimevikwa chuchu ya breki,
ncha ya pili imezama kwenye chupa ya soda.
"Finya." Nafinya.
"Shikilia." Afungua. Povu.
Afunga. "Wata."
Nawata.
Finya. Shikilia. Wata.
Mara arobaini, hamsini,
hata adhana ya adhuhuri ikaingia katikati,
Mwanasha akanyamaza kuiitikia
nami nikabaki nimeshikilia, vidole vikifa ganzi,
kwa kuwa hakuna aliyeniambia niwate.

Badi aongeza maji ya breki kidogo kidogo.
"Kikombe kisikauke. Kikikauka, twaanza moja."
Tone likaangukia tangi; akalirukia na kitambaa chenye maji.
Hayo hula rangi kimya kimya
kama nondo kwenye doti iliyofungiwa sanduku.

Usiku tukaulaza wenzo umefinywa,
umefungwa kwa utepe wa tyubu.
Upepo hupenda juu, asema,
uachie njia utapanda wenyewe.

Asubuhi umekaza, lakini si kukaza.
Chini kabisa mna ulaini mdogo,
jino linalotikisika, ambalo ulimi hauliachi.

"Umejificha kwenye pampu ya ABS.
Mle mna vijumba havifunguki
ila gurudumu likitaka kukwama.
Nenda Miritini, kwenye kokoto.
Kimbia arobaini, kisha ubane kama umeona kitu."

Kama nimeona kitu.

Miezi minane sijabana.
Nashusha gia, nasimama mbali,
nawapisha hata paka.

Njia ya kokoto, nyuma ya yadi ya makontena.
Mlinzi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya chungwa.
Mara ya kwanza nilipapasa. Ya pili nilipapasa.
"Dada," akauliza, "umepoteza nini?"
Ya tatu nikafumba mdomo, macho sikufumba,
nikabana.

Tr-tr-tr-tr chini ya vidole,
cherehani ya mtu mwenye haraka,
na gurudumu likakataa kulala,
likashika, likawata, likashika, likawata,
lenyewe, upesi kuliko Mwanasha,
nami nikasimama wima,
kokoto zikiendelea mbele bila mimi.

Nikarudi Magongo. Finya. Shikilia.
Likatoka moja tu, povu la ukubwa wa punje ya mtama,
likapanda kipira bila pupa,
likapasuka. Mwanasha akasema, "Kha!"
Wenzo ukajibu robo ya njia,
mgumu, kama kushikana mkono na mpakizi wa bandarini.

Badi alitaka mia nane na chupa yake ya soda.
Shangazi nimempelekea kuku, mweupe. Tumemla.

Makupa bado nashika breki mapema.
Mtulinga nao una mlio wake, mvua ikinyesha.